Ribiti mbili ubavuni mwa RV-9A yetu

Wiki hii, kwenye RV-9A, ndege ndogo tunayoijenga wenyewe, tumeweka matundu ya statiki, yaani ya kupokea mgandamizo wa hewa tulivu ya nje. Kwa nje hayavutii macho: ribiti moja kila ubavu, nyuma ya sehemu ya mizigo, na katikati ya kila ribiti katundu kembamba. Lakini altimita (kipima kimo cha ndege), kipima mwendo na kipima kupanda na kushuka, vyote vitatu vinapata hewa yake hapo.

Mdogo wangu hunyoosha bodi za magari hapa Lubumbashi, na mkono wake nauamini kabisa. Alipoona vichwa vya ribiti vimetokeza, akachukua msasa. "Yaya, tuvilaze viwe sawa na bati, vitasumbua upepo." Nikamzuia. Hewa inayopita ubavuni kwa kasi si lazima iwe na mgandamizo sawa na ile iliyotulia, na kile kichwa cha mviringo kiko pale kusahihisha tofauti hiyo. Wajenzi wa RV waliopendelea matundu bapa, yenye sura nzuri, walikuta vipima mwendo vyao vinadanganya. Ramani imesema kichwa kitokeze, basi kitokeze, na rangi isikizike.

Matundu ni mawili kwa sababu ndege ikienda kimshazari upepo unapiga ubavu mmoja kuliko mwingine. Mipira ya kupitisha hewa kutoka pande zote mbili ikikutana kwenye kiungo cha T, kosa la huku hupunguza la kule. Kabla ya kwenda mbele, mpira tumeupandisha juu ya tundu ili maji yasifike kwenye vipimo. Mvua zetu za kuanzia Novemba ni nzito.

Kupima uvujaji kulinipa raha kuliko kazi nyingine yote. Upande mmoja tuliziba kwa tepu, wa pili tukaunga bomba la sindano, nikavuta taratibu sana, maana ukivuta kwa pupa unaharibu kipima kupanda. Mshale wa altimita ukatoka futi 4,300 za hapa kwetu ukafika 5,300. Tukabana mpira, tukanyamaza wote wawili tukiutazama. Kanuni ya Marekani inaruhusu ushuke futi 100 kwa dakika 1. Wetu ulisogea upana wa unywele tu. Mpira ukivuja ndani ya chumba cha rubani, mara nyingi altimita husoma juu kuliko ulipo, nawe unajiona uko salama juu ya mlima.

Tepu tunayotumia ni nyekundu, na ina utepe mrefu unaoning'inia. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku ikiwa na tepu iliyosahauliwa juu ya matundu haya baada ya kusafishwa. Marubani hawakujua tena wako juu kiasi gani wala wanakwenda kasi gani, gizani, juu ya bahari. Walikufa watu wote 70.

Fundi wa rangi anakuja karibuni. Kuziba na kuzibua nitafanya mwenyewe.