Mchicha wangu umeitwa magugu

Wapendwa, asalamu alaikum. Niliahidi sitaandika kitu mpaka nimalize kofia ya mume wangu, lakini wiki tatu hizi nimekuwa na donge kifuani na leo nalitoa.

Ilikuja barua kutoka kaunsili, yaani halmashauri ya mji hapa Uingereza ninapoishi. Karatasi moja, nembo juu, jina langu limekosewa herufi mbili. Inasema mkaguzi amepita kwenye kiwanja changu cha kulimia, amekuta sehemu kubwa haikulimwa na imeota magugu, basi nimepewa siku 28 nisafishe, la sivyo nitanyang'anywa. Wameambatanisha na picha. Nikaisogeza picha kwenye taa nitazame vizuri. Magugu yenyewe ni tuta langu la mchicha. Mistari minne imenyooka, umenifika magotini, majani mapana kama kiganja, mwengine mwekundu kwa chini. Palizi nimelifanya mwenyewe kwa mkono Jumamosi ile ile, na ukitazama pembeni ya picha ndoo yangu inaonekana, imejaa majani niliyoyang'oa.

Mimi kwetu Wete, Pemba. Nimelelewa na mchicha, matembele na kisamvu. Siku ya samaki tulikula samaki, na siku isiyo samaki tulikula mchicha wa nazi na hakuna aliyejiona maskini. Leo nimefika nchi ya watu, natoka kazini nimekesha na wazee wa watu, naenda kulima mvua inanyesha, halafu mtu anasimama juu ya chakula cha watoto wangu anakipiga picha na kuandika magugu. Imeniuma, na sioni haya kusema imeniuma.

Kwa wasiojua, viwanja hivi wao wanaviita alotimenti. Ni ardhi ya kaunsili iliyokatwa vipande vipande, kila mtu analipia chake kwa mwaka. Kipimo chao bado ni kile cha zamani, rodi. Kiwanja kizima ni rodi 10, kama mita za mraba 250. Changu ni nusu, na nimekisubiri miaka mitatu kwenye orodha. Si hisani ya mtu. Sheria yao ya mwaka 1908 inaitaka kaunsili itafute ardhi wananchi wakihitaji kulima, na ile ya 1922 inaeleza kiwanja chenyewe ni cha kulima mboga na matunda ya kula mkulima na familia yake. Kufungua genge hapo huruhusiwi. Lakini hiyo "mboga ya kula familia yake" mimi nimeisoma mara nyingi, na sikuona mahali palipoandikwa mboga ya familia ya nani.

Kulima huku kunataka subira nyengine kabisa. Nyinyi mnamwaga mbegu nyuma ya jiko, siku ya ishirini mnachuma. Mimi mwezi wa nne nimepanga vikombe vya mtindi dirishani, kila kimoja na mche wake, watoto wamekatazwa kufungua pazia kwa nguvu. Nje bado kuna baridi ya usiku inayoua mche kwa saa moja, na inaweza kukuvizia mpaka mwezi wa tano unakatika. Naipeleka miche kiwanjani mwezi wa sita. Hapo ndipo wanakuja koa. Sikuwahi kumchukia mdudu maishani mwangu, lakini mwaka wa kwanza koa walinilia miche 40 kwa usiku mmoja, nilikuta vijiti. Sasa nakwenda nao saa tatu na nusu usiku, jua ndiyo kwanza linazama (ndiyo, mwezi wa sita magharibi yetu ni saa hiyo), naokota mmoja mmoja na tochi mdomoni.

Kwa hiyo aliyeandika magugu ajue kila jani lile nalifahamu.

Alonisaidia kwanza ni mzee mmoja wa Kijamaika, kiwanja chake kiko mkabala na changu. Amekuja nchi hii kijana, sasa ametimia miaka themanini na kitu, mgongo umepinda lakini matuta yake yamenyooka. Nilimwonyesha barua mikono inatetemeka. Akaisoma, akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye mchicha, akakata tawi akalinusa. "Kalalu," akasema. Hivyo ndivyo kwao wanavyouita, na wanaupenda kama sisi. Akaniambia yeye na wenzake walishaandikiwa barua kama hiyo zamani sana, hata kabla mimi sijazaliwa. Jioni yake akarudi na bibi mmoja wa Kibengali anayelima karibu na lango. Yule bibi Kiingereza chake kidogo na changu akikisikia anacheka, lakini alinishika mkono akanipeleka kwake: mchicha mwekundu mtupu, tuta zima. Kwao wanauita lal shak. Tukasimama pale watatu, Mpemba, Mjamaika na Mbengali, kila mmoja na jina lake la jani moja. Nikalia. Mzee akanipa kitambaa chake.

Ndiyo nilipoamua sitausafisha. Nitaujibia barua.

Sasa niwaambie na la sindano, maana mimi naona ni jambo moja. Kazini wenzangu wananiona wakati wa mapumziko nimeshika kofia nashona. Mmoja, mtu mwema tu, akasema "ni hobi nzuri sana hiyo," akauliza nitamuuzia pauni kumi? Sikumjibu vibaya. Lakini nilirudi nyumbani na neno lile, hobi. Mama yangu alishona kofia za viua. Alikaa barazani baada ya alasiri, duara ya juu pajani, ukanda wa pembeni kwenye kikapu, na kofia moja ilimchukua miezi mitatu, wakati mwengine minne, kwa sababu katikati kuna kuteka maji, kuna kupika, kuna mtoto ana homa. Mchuuzi alikuja kutoka Chake Chake akizigeuza geuza kwenye mwanga kuhesabu makosa. Sare zangu za skuli zimetoka kwenye viua hivyo. Daftari zangu. Nauli ya boti ya kwanza kwenda Unguja.

Wasiojua kiua ni nini: ni kile kitundu kidogo kwenye ua la kofia. Kitambaa ni tabaka mbili. Unatoboa, halafu unauzungusha uzi mlango wa tundu, mshono kando ya mshono, bila kupandana. Ukikaza sana kitambaa kinakunjamana, ukilegeza tundu linafumba. Mama alikuwa akimaliza kimoja anakipitishia ukucha wa kidole cha shahada, na ukucha ukikwama popote anafumua chote. Mimi nimefumuliwa mpaka nikaichukia sindano. Leo ukucha wangu unafanya vile vile bila kuambiwa. Kofia moja ina viua mamia kwa mamia. Hobi ni kitu unachokifanya ukiwa umeshiba, na mama yangu alikuwa akishona ili sisi tushibe.

Binti yangu ana miaka 12. Kiswahili anakisikia, kukisema hataki, anajibu kwa Kiingereza hata akiongea na bibi yake kwenye simu, na bibi anabaki "enhe, enhe" hajui kaambiwa nini. Nimemgombeza, nimembembeleza, baba yake amemwahidi baiskeli. Haikusaidia. Ile jioni ya barua aliikuta mezani akaisoma. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa nini wamesema ni magugu? Nikamwambia hawajui jina lake. Akanyamaza. Akaja na kipande cha shuka jeupe, akaniomba sindano.

Siku tatu alishona. Nilimchorea herufi kwa penseli, nikamwonyesha mshono mmoja tu, ule wa kurudi nyuma, mengine kajifunza kwa kutobolewa. MCHICHA, uzi wa kijani. Ile M imelala upande, C ya pili kubwa kuliko ya kwanza. Nikataka kufumua, mkono ulishakwenda kwenye mkasi. Nikauacha. Kisha akashona MATEMBELE, akaishiwa kitambaa kwenye L, akaunga. Halafu akauliza, mama, yale mengine yanaitwaje? Nikamtajia, na akawa anayarudia mdomoni huku anashona: mnafu, bamia, kunde, majani ya maboga. Mume wangu ametoka kubeba boksi usiku kucha, akasimama mlangoni na koti lake akimsikiliza mtoto anasema mnafu. Hakuingia mpaka alipomaliza.

Tumevitundika vitambaa kwenye vijiti, kila tuta na jina lake. Chini ya Kiswahili tumeandika kwa wino jina la Kiingereza, na kwenye mchicha yule bibi wa Kibengali ametuandikia la kwao, na mzee la Jamaika.

Nisisahau, maana kila wiki wadogo zangu mnaniandikia kuuliza njia za kuja. Mlango wa viza ya kulea wazee umefungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje tangu Julai 2025. Anayekuuzia karatasi ya mwajiri leo anakuibia, na usiuze mikarafuu ya baba yako kwa ajili yake. Wanaokuja kwa njia nyengine ya halali, mbegu msifiche kwenye begi, mbegu za kupanda zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka serikalini na wakizikuta bila cheti zinachukuliwa. Huku mchicha mtaupata kwenye maduka ya Kibengali, fungu dogo pauni moja na nusu nalo limeshasinyaa, na mbegu zake zinauzwa kwenye pakiti. Matembele chukua kiazi kitamu cha dukani, kichomeke nusu kwenye gilasi ya maji dirishani, kikichipua kata chipukizi upande mahali penye joto. Majani ya maboga usinunue kabisa: majirani wanalima maboga makubwa ya mwezi wa kumi na majani wanatupa, waombe, watakupa wanakushangaa. Lakini msichume kila jani mnaloliona limenona. Kuna mmea unaitwa rhubarb, shina lake jekundu wanalipikia vitamutamu, jani lake pana kama la mboga na ni sumu. Mwenzetu mmoja alishalikata kata liko karibu na sufuria, bahati nilikuwa jikoni kwake. Kisamvu hapa hakioti, kinapatikana kimegandishwa, kimeshatwangwa, na kwa kweli kikitiwa tui zito hata la kopo hakina ubaya.

Na leteni sindano zenu. Msione aibu. Baridi ya huku ndefu, mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi kasoro jioni, na mtu aliyekaa peke yake chumbani na simu anaharibika akili. Nimewaona.

Basi Alhamisi mkaguzi amerudi. Kijana, ana heshima zake, tableti mkononi. Skuli zimefungwa kwa hiyo binti alikuwepo, na mzee wa Kijamaika alileta kiti chake akakaa mpakani kabisa, hakusema neno. Kijana akapita tuta kwa tuta anasoma vitambaa. Kwenye mchicha akasimama, akajaribu jina, likamtoka "makika". Binti yangu akamsahihisha. "Mchicha. M-chi-cha." Kwa sauti, mbele za watu, mara tatu mpaka yule kijana akalipata. Halafu akamweleza yote, unavyopandwa, unavyochumwa ncha ili utoe matawi, unavyopikwa kwa nazi. Kijana akauliza anaweza kuonja jani? Nikamwambia mbichi hapana, nikamfungia fungu moja kwenye gazeti akapike na kitunguu.

Jana imekuja barua ya pili. Mstari mmoja: hakuna hatua zaidi zitakazochukuliwa. Jina langu bado limekosewa. Pole haimo. Mume wangu anasema tumeshinda, tuyaache. Mzee anasema nishukuru, yeye barua ya pili hakuwahi kuipata. Nimewasikia wote wawili. Lakini asubuhi hii nimewaandikia kaunsili nikiomba ile picha ifutwe kwenye faili langu, na kwenye orodha ya mazao wanayoyatambua waongeze hili, nimelitaja kwa majina yote manne. Nimeambatanisha picha ya kitambaa.

Mlioko Uingereza, mistari miwili ya mchicha nimeiacha izae. Mbegu zitakauka katikati ya mwezi wa tisa, ndogo nyeusi kama baruti, na kichwa kimoja kinatosha mtaa mzima. Niandikieni anwani, nitawatilia kwenye bahasha. Binti ameshaanza kushona vifuko.