Mkwavinyika, jina la mwanangu

Mwanangu anaitwa Mkwavinyika. Watoto wa mtaani hapa Kinondoni wameshalikata, wanamwita Nyika. Mimi namwita jina zima.

Kwa Kihehe ni mtu anayetwaa nchi. Ni jina la Mtwa wetu, yaani chifu wetu Wahehe, mwana wa Munyigumba, ambaye historia inamtaja zaidi kwa ufupi: Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliwavizia Wajerumani pale Lugalo, Iringa, na kamanda wao, Zelewski, akauawa. Kila siku daladala zetu zinapita kambi ya jeshi ya Lugalo hapa Dar, abiria wanashuka na kupanda, na jina hilo lilitoka kwenye vita ile! Mwaka 1898 Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Fuvu lake, ambalo Wajerumani walilichukua, lilirudishwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954.

Mume wangu ni Mngoni, mtani wangu, na babu zake walipigana na babu zangu. Alikubali jina hili bila kinyongo, na hilo nalithamini mno.

Mkwawa utalikuta kwenye ukoo, hata chuo kule Iringa. Mkwavinyika kwa mtoto mchanga wa Dar ni nadra sana. Mwenye mwana wa jina hili hapa mjini aniambie, nataka wacheze pamoja.