Nilipulizia ukungu, nikavuna ukungu

Jumamosi asubuhi nilipowasha taa ya kasha la kioo anamoishi Kimya, chura wangu wa mitini, nilidhani buibui ametanda gogoni. Nikasogeza uso. Yalikuwa manyoya meupe, laini kama pamba, yametambaa kutoka ncha ya gogo hadi kwenye usumba wa nazi niliomtandikia chini. Kimya mwenyewe kajibandika kiooni, macho nusu, kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi na hana la kuulizwa.

Kiswahili nacho kina utani wake. Wiki tatu nzima nilikuwa nampulizia ukungu asubuhi, mchana na jioni, na huo ukungu ndio ulionizalia ukungu.

Kosa ni langu. Nilipoambiwa kwamba chura hanywi kwa mdomo, bali huyafyonza maji kwa ngozi ya tumbo na mapaja, niliingiwa na hofu ya ukavu. Nikazidisha chupa ya kupulizia, kisha nikaufunika wavu wa juu kwa nailoni ili unyevu usitoroke. Kasha likageuka chungu chenye kifuniko. Gogo jipya, nyenje wawili waliofia kwenye kona bila mimi kuwaona, hewa isiyotembea: ukungu ungetaka nini zaidi?

Mkono wangu ulikimbilia dawa ya kuondolea madoa. Nikaurudisha. Ngozi inayonywa maji itainywa na dawa, na hata maji ya bomba huwa siyamwagi humo kabla ya kuyatoa klorini.

Basi nikalowesha mikono, nikamhamishia kwenye chombo cha plastiki chenye matundu. Alinikojolea, sikumlaumu. Gogo nililichemsha nusu saa na kulisugua kwa brashi bila sabuni. Usumba ulioshikwa niliuchota pamoja na ule wa jirani yake, nyenje wakaenda zao, nailoni ikang'olewa. Mengine sikuyagusa, maana kuvu wa udongoni wana kazi yao ya kuozesha kinyesi na majani makavu.

Usiku haukuwa mwepesi. Nilikuwa nimekumbuka habari za Batrachochytrium dendrobatidis, yule kuvu aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1999, aliyewamaliza vyura wa aina nyingi duniani. Nikaamka mara mbili na tochi kumkagua Kimya ngozi. Baadaye ndipo akili ilipotulia: kuvu yule hukaa ndani ya ngozi ya chura na mbegu zake huogelea majini, haoti manyoya kwenye gogo. Kimya alikuwa anakula, anaruka, hachubuki kupita kawaida yake ya kubadili ngozi. Angezubaa au kukataa chakula, ningempeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa napulizia mara moja, jioni, na nataka kioo kiwe kimekauka ifikapo asubuhi. Nimeongeza na kolembola, vidudu weupe wadogo kuliko ufuta, ambao chakula chao ni ukungu. Ukiwapulizia pumzi wanarukaruka kama mafuta kwenye kikaango.

Leo kidoa cheupe kimerudi kwenye gogo, ukubwa wa ukucha. Nilishika brashi, nikaiweka chini. Kolembola watano walikuwa wameshafika.