Milango miwili ya Kinderdijk

Leo upepo umekubali Kinderdijk, Uholanzi, pale mito Lek na Noord inapokutana. Mapanga ya vinu vya upepo yanazunguka!

Vinu 19. Vinane vya matofali ni vya 1738, vinane vilivyoezekwa matete ni vya 1740.
Havisagi kitu. Gurudumu huchota maji ya mashamba yaliyo chini kuliko mto, huyapandisha bwawani; zamani yalisubiri humo mto ushuke ndipo lango lifunguliwe.

Ila tazameni milango.
Kinu kina miwili, kila mmoja upande wake. Mapanga hupita chini, karibu yaguse nyasi. Kichwa cha kinu, chenye mapanga, kikigeuzwa kufuata upepo, mlango mmoja hubaki kwenye njia ya mapanga. Ukijisahau ukatokea huo, umekwisha.

Na watu wanaishi humo, jamani.

Nyie mngethubutu kulea watoto hapo?