Soma mito kwanza: baiskeli katika vilima vya Marche

Jumapili jioni, mwishoni mwa Mei

Kila ninapoikunjua ramani ya Marche, mkoa wa Italia ya kati unaotazama Bahari ya Adriatiki, jicho langu huenda kwenye mito kabla ya barabara. Esino, Musone, Potenza, Chienti, Tenna, Aso, Tronto: yote inashuka kutoka milima ya Apennini upande wa magharibi na kuingia baharini upande wa mashariki, imepangana kama meno ya chanuo. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa kilima, na juu ya mgongo ndiko iliko miji ya kale: Osimo, Recanati, Macerata, Fermo.

Umbo hilo ndilo linaloamua siku yako itakuwaje. Ukifuata bonde la mto kwenda bara, barabara ni karibu tambarare. Ukifuata mgongo, unapanda polepole, asilimia 2 hadi 4, huku mabonde mawili yakiwa chini yako kulia na kushoto. Lakini ukitaka kwenda kaskazini au kusini kwa njia ya bara, unayakata meno ya chanuo moja baada ya jingine, na hapo kilomita 50 za ramani si kilomita 50 za miguu. Chukua Recanati hadi Macerata. Recanati iko karibu mita 300 juu ya bahari, Macerata mita 315. Kwa macho, majirani. Katikati yake umepita mto Potenza, kwa hiyo umeshuka kama mita 200 na kuzipanda zote upya. Ukiendelea hadi Fermo, nayo mita 319, utakutana na Chienti, kisha vijito, kisha Tenna, na hesabu inaanza tena kila mara. Kwa mtu mwenye mizigo, mabonde mawili makubwa kwa siku yanatosha. La tatu ni la kupanga tu kama jioni yake ni ya kulala, si ya kutafuta pa kulala.

Barabara zinazokata mabonde ndizo kali. Wenyeji huziita *muri*, yaani kuta, na mashindano ya baiskeli ya Tirreno-Adriatico, yanayomalizikia San Benedetto del Tronto, yamewahi kupitishwa huku kwa ajili ya kuta hizo. Pale Montelupone kuna kipande kinachozidi asilimia 20. Mtalii hana haja nacho, ila asilimia 10 hadi 12 atakutana nazo tu, apende asipende: kila mita 100 za mbele, mita 12 za juu.

Hapo ndipo suala la gia linapokuwa zito kuliko suala la baiskeli yenyewe. Piga hesabu ya mtu, baiskeli na mikoba vyenye jumla ya kilo 95, katika mwinuko wa asilimia 12, pedeli zikizunguka mara 60 kwa dakika. Ukiwa na meno 34 kwenye gia ya mbele na 34 kwenye ya nyuma, unakwenda kilomita 7.6 kwa saa na miguu inatoa kama wati 245. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefanya mazoezi, na si ya dakika ishirini mfululizo. Meno 30 mbele na 36 nyuma: kilomita 6.3, wati 205 hivi. Meno 26 mbele na 36 nyuma: kilomita 5.5, na wati zinashuka chini ya 180. Ni mwendo wa pole, lakini baiskeli bado inasimama wima na magoti yanabaki salama. Ushauri wangu ni huo wa mwisho. Duka la baiskeli likikuambia gia ndogo hivyo ni za milimani tu, waonyeshe ramani ya mito.

Gia hubadilishwa mapema. Ukuta wa Marche mara nyingi huanza ghafla: unavuka daraja, barabara inanyooka kati ya mashamba ya alizeti na ngano, halafu inakunja na kuinuka mbele ya uso. Anayengoja mpaka pedeli ziwe nzito amechelewa, maana cheni iliyokazwa haipendi kuhama. Itakwaruza, itaruka meno, au itaanguka upande wa spoku na kukwama humo. Ukiwa bado darajani, legeza mguu kidogo, shusha gia ya mbele kwanza, kisha zungusha pedeli mbili tatu kabla ya kushusha ya nyuma. Mlio wa cheni ukiwa mlaini, umefanya sawasawa.

Kushuka kunaharibu vitu zaidi kuliko kupanda. Kwenye asilimia 12, ukiwa na mizigo, kushikilia breki mfululizo huunguza raba au pedi, mpaka uso wake unang'aa kama kioo na haukamati tena. Kama breki zako ni za rimu, joto linaweza hata kupasua tyubu. Acha baiskeli ikimbie kwenye kipande kilichonyooka, kamata breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia, kisha pita. Mikono ikianza kufa ganzi, simama. Mizigo nayo ikae chini na pande zote zilingane, mizito karibu na ekseli. Mkoba uliofungwa juu sana kwenye keria hufanya usukani utikisike kwenye mteremko.

Spoku zinazokatika ni za gurudumu la nyuma, na mara nyingi upande wa cheni, kwa sababu upande huo spoku hukazwa zaidi. Ubaya wake ni kwamba zimefichwa nyuma ya sproketi, zile gia za meno za nyuma, na bila kifaa cha kufungulia sproketi huwezi kuweka spoku mpya. Gurudumu la spoku 32 au 36, kifaa hicho, na spoku tatu za urefu sahihi zilizofungwa kwa utepe kwenye bomba la fremu vinatosha. Ongeza kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, hicho ndicho hupinda, na kwa kuwa kila aina ya fremu ina umbo lake, usitegemee kukipata katika mji mdogo.

Tairi za upana wa milimita 32 hadi 38 zinafaa, zikijazwa bar 3.5 mbele na 4 nyuma, kwa sababu njia nyingi nzuri za migongoni ni za changarawe nyeupe. Lakini chini ya changarawe kuna udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, udongo huo hujikunja kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na madigadi, na gurudumu linaganda kabisa. Kusukuma kwa nguvu hakusaidii. Kwangua kwa kijiti na urudi kwenye lami siku hiyo.

Upepo una ratiba yake. Siku za joto, upepo wa bahari huanza kuingia mabondeni asubuhi ikishakomaa na hukaza alasiri. Ukipanga kwenda bara mchana, unakusukuma mgongoni, na kurudi pwani ni kazi ya asubuhi mapema. Garbino ni jambo jingine: huo hutoka kusini-magharibi, wa moto na mkavu, na humaliza chupa za maji mbili kabla ya saa sita. Mabomba ya maji yapo kwenye viwanja vya miji, na makaburi mengi yana bomba lake. Palipoandikwa *non potabile*, usinywe. Maduka madogo hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi au zaidi, basi nunua mkate na matunda kabla. Crescia, mkate bapa wa huku, iagize *con erbe*, pamoja na mboga za majani. Inashibisha na haikulazi.

Usiingie barabara kuu ya bonde la Chienti, ile ya njia mbili kila upande: baiskeli haziruhusiwi. Nje ya miji, kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla ya kuchomoza, na ndani ya mahandaki wakati wowote, sheria inataka fulana ya kung'aa. Mimi ningeivaa hata mchana. Filottrano, juu ya mgongo ulio kusini mwa mto Musone, ndiko alikoishi Michele Scarponi, bingwa wa Giro d'Italia, mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Italia, ya 2011, aliyekuwa akifanya mazoezi na kasuku mkubwa akimtua begani. Aprili 2017 aligongwa na gari akiwa mazoezini, palepale mjini kwao, akafariki. Barabara hizi alizijua kuliko mtu yeyote.

Miguu ikikataa, reli ya Adriatiki inafuata pwani karibu yote, na treni za mkoa zenye alama ya baiskeli kwenye ratiba hukubali kuibeba. Vua mikoba ukiwa bado jukwaani, kabla treni haijaonekana. Husimama kitambo kifupi, na vituo vingi vidogo vina ngazi tu.