Nibipu kabla hujaandika umri

Kijana niliyemkuta gereza la wakubwa alikuwa na miaka 15, na karatasi zote zilisema ana 19. Alituhumiwa kuiba betri ya lori kwenye gereji moja hapa Mbeya. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, lakini polisi hawakuniita, mahakama haikuniita. Aliyenishtua ni mama lishe anayeuza chai jirani na gereji hiyo, tena tukiwa kwenye mazungumzo mengine kabisa: "Na yule mtoto wa mkokoteni naye, mama ustawi, mbona mmemwacha jela?" Nilipompata ilikuwa siku ya 23 tangu akamatwe.

Afande aliyeandika 19 sikumlaumu sana, maana kijana mwenyewe ndiye aliyeitaja. Selo ya usiku ina walimu wake. Walimfundisha kwamba ukikubali wewe ni mtoto unapelekwa Irambo, shule ya maadilisho, na huko hurudi leo wala kesho. Mkubwa analipa faini anakwenda zake. Akaamini. Faini hakuwa nayo, wa kumdhamini hakuwepo, basi akapelekwa kulala na watu wazima, na mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa michache iliyo na mahabusu ya watoto.

Kilichoniuma ni kwamba kumfuatilia kulinichukua siku mbili tu. Mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitabu cha uandikishaji, na kwenye rejista ya mahudhurio alikuwa ameshamwandika mtoro. Mtendaji wa mtaa alijua kwamba mama amefariki na mtoto amehamia kulala gereji. Nesi wa zahanati alimfahamu bibi yake, anayeishi Rungwe, na alikuwa na namba ya simu ya jirani yake. Polisi walijua alipo. Watu wanne, kila mmoja ameshika kipande chake, na kutoka ofisi moja hadi nyingine hutembei nusu saa.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kesi yake inasikilizwa mahakama ya watoto, kwa faragha, afisa ustawi akiwepo, na hata akikutwa na hatia hahukumiwi kifungo cha jela. Kanuni za mwaka 2016 zimefafanua zaidi. Lakini yote hayo yamekaa juu ya tarakimu mbili anazoandika mtu aliyechoka, saa sita usiku, chumba kimejaa watu wanaopiga kelele. Akiandika 19, sheria nzima inapita pembeni.

Kwa hiyo sikuanza na semina. Nilizunguka vituo vitatu na ombi moja: akiletwa yeyote mwenye sura ya kitoto, nijulisheni kabla hamjaandika umri. Kabla, siyo baada, kwa sababu umri ukishaingia kwenye hati ya mashtaka kuutoa ni kazi ya wiki nzima. Afande mmoja wa Dawati la Jinsia na Watoto alinicheka. "Mama ustawi, vocha utaninunulia wewe?" Nikamwambia sihitaji aongee. Nibipu tu. Mlio mmoja, mimi najua kuna mtoto, napiga mwenyewe au nakuja. Ndivyo ilivyoanza, kwa simu ya kitochi.

Halafu nikafanya kosa langu, na nalieleza kwa sababu najua wengi wanalifanya sasa hivi. Bipu zilipoanza kuleta matunda, nikajiona mjanja, nikafungua kundi la WhatsApp: maafande, walimu wakuu, watendaji wa mitaa, wasaidizi wa kisheria, manesi wawili watatu. Wiki ya kwanza lilifanya kazi kama dawa. Mtu anauliza, "Kuna anayemjua mtoto wa jina hili?" na baada ya dakika kumi jibu lipo. Wiki ya tatu mjumbe mmoja akatuma picha ya mvulana ameketi sakafuni kituoni, chini yake ameandika, "Huyu wa kwenu?" Hakuwa na nia mbaya. Kufika jioni picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la wazazi wa shule yake, na maneno yameongezwa njiani. Mvulana yule aliachiwa siku iliyofuata bila shtaka lolote. Shuleni hakurudi. Nilikwenda kwao mara tatu; mara ya tatu mama yake akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, mlitusaidia. Sasa tuacheni."

Kundi nililifuta usiku uleule picha iliposambaa, ila nilikuwa nimeshachelewa.

Tangu hapo nikajifunza kugawa taarifa kama unavyogawa dawa: kila mtu na kipimo chake. Polisi wanahitaji mistari miwili, umri wake na nani atamchukua. Mwalimu nampigia kuuliza tarehe ya kuzaliwa na mahudhurio, simwambii mtoto yuko wapi. Nasema ni ufuatiliaji wa ustawi, basi. Mtendaji namuomba barua ya utambulisho ya mdhamini. Anayepata habari kamili ni hakimu peke yake, kwenye ripoti ya uchunguzi wa kijamii: nyumbani kukoje, shule, afya, msiba kama upo, nani anakubali kumlea. Kama mama anatumia dawa za kufubaza virusi, hilo halina kazi kaunta ya polisi. Wapo wenzangu wanaoona ninabana mno. Sawa, lakini hawakumuona yule mama akifunga mlango.

Daftari langu nalo lilibadilika. Zamani nilikuwa naanza na "Una miaka mingapi?" Swali hilo ndilo linalozaa uongo, maana mtoto anapima kwanza jibu lipi litamtoa. Siku hizi naanza na "Jana ulilala wapi?" Nafuatisha jina analoitwa nyumbani, maana la kituoni mara nyingi ni la kubuni. Kisha mwalimu wa darasa la mwisho alikuwa nani, na ulianza la kwanza pamoja na nani. Hapo mtoto anasahau kujilinda, anaanza kukuhadithia jinsi mwalimu alivyokuwa na kiboko kirefu. Nikishapata jina la mwalimu nimemaliza nusu ya kazi, kwa sababu watoto wengi wa hapa hawana cheti cha kuzaliwa mkononi, na kadi ya kliniki ilishaliwa na panya, lakini kitabu cha uandikishaji kipo kabatini kwa mwalimu mkuu.

Dhamana ina mikasa yake. Mdhamini anatakiwa aje na kitambulisho na barua ya mtendaji, na bibi wa kijijini hana cha taifa, kile cha NIDA, au jina lake limeandikwa vingine. Yule bibi wa Rungwe alikuja na kadi ya mpiga kura na cheti cha ubatizo vimefungwa kwenye kanga, hakimu akavipokea. Akaniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mpaka nikaona haya, maana tulikuwa tumemchelewesha mjukuu wake siku 25. Wengine mzazi yupo na kitambulisho anacho, ila hataki. "Mwacheni hukohuko akome." Huyo usibishane naye usiku ule. Nilimrudia mmoja asubuhi, ameshalala, hasira zimepoa, akavaa viatu tukaenda pamoja. Akikataa kabisa natafuta shangazi, mjomba, au mlezi wa kuaminika tuliyemwandikisha. Walezi hao hawatoshi, na hakimu akiona hakuna wa kumpokea mtoto hana namna, atampeleka mahabusu hata kama kosa ni kuku mmoja.

Kuna mara moja taarifa zilinigeukia. Kijana amekamatwa na nyaya za shaba, mdogo, mwembamba, ndevu hakuna. Mimi mwenyewe ningeapa ana 16. Nikasimama kaunta nikasema huyu ni mtoto. Saa tatu asubuhi mwalimu mkuu akanisomea tarehe kwenye simu. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Alikuwa ametimiza 18 miezi miwili nyuma. Mkuu wa kituo alikuwa ananitazama. Nikamwambia, "Afande, andika 18." Yule kijana akaniangalia kama nimemuuza. Nilichoweza ni kumuunganisha na msaidizi wa kisheria siku hiyohiyo, dhamana akapata baada ya siku nne. Lakini kuanzia asubuhi ile, nikisema pale kituoni kwamba mtoto ana 14, hakuna anayeniuliza mara mbili.

Sasa kinachonisumbua ni uhamisho. Afande wangu wa bipu alihamishiwa wilaya nyingine, na simu ikanyamaza karibu miezi miwili. Nikajidanganya kwamba mtaa umetulia. Kumbe watoto walikuwa wanaletwa kama kawaida, ila aliyekuja hakuwa na namba yangu, na aliyeondoka aliondoka nayo kwenye laini yake. Siku hizi nimeomba namba ibandikwe ukutani, juu ya meza ya kitabu cha mahabusu, pamoja na 116 ya msaada kwa watoto, na kwenye kikao cha kamati ya ulinzi ya kata tunaulizana majina ya waliohama. Jumatatu nakwenda kujitambulisha kwa afande mpya. Nimesikia hapendi kusumbuliwa usiku. Nitabeba chapati.