West Point, muulize mtu kombania yake

Ukikutana na mzee wa Kimarekani aliyesoma West Point, chuo cha kufundisha maofisa wa jeshi la Marekani, usimuulize alipata maksi ngapi, muulize alikuwa kombania gani. Atakutajia herufi na namba, mfano D-1 au F-2, afu kabla hujameza mate anakutajia na jina la utani la kombania yenyewe, na hapo ndo stori zinaanza, andaa chai maana hamtoki leo.

Mpangilio wao uko hivi. Chuo kipo pembeni ya mto Hudson, jimbo la New York, tangu 1802, na kina makadeti kama 4,400. Wote ni brigedi moja, brigedi ina rejimenti nne, kila rejimenti ina kombania tisa kuanzia A mpaka I, jumla 36. Kwahiyo kombania moja ina watu kama 120 wa miaka yote minne, wanalala pamoja, wanapanga foleni pamoja, wanacheza mechi pamoja, na wanaoiendesha ni makadeti wenyewe. Wa mwaka wa nne ndo makamanda, wa tatu masajenti, wa pili anakabidhiwa kuruta mmoja au wawili awalee, na kuruta (wenyewe wanamwita plebe) kazi yake ni kutii tu. Yupo ofisa wa jeshi anayewasimamia, kapteni au meja, anaitwa Tac, ila usiku ameenda zake nyumbani kwa mke na watoto na kombania imebaki na wenyewe. Sasa hapo ndo chuo chenyewe kilipo, hayo mengine ya madarasani yapo chuo chochote.

Majina nayo vituko. D-1 wanajiita Ducks, yaani mabata. B-2 ni Bulldogs, I-3 ni Polar Bears, C-2 ni Flying Circus, sarakasi inayopaa, F-2 wao ni Zoo, basi, bustani ya wanyama. Afu kuna G-4, hawa ni Guppies, vile visamaki vidogo vya kwenye tenki la kioo sebuleni kwa watu. Hebu fikiria unaandaliwa kuongoza askari vitani na nembo yenu ni kisamaki.

Watu wanacheka ila mi naona ina akili sana. Angalia Sandhurst, chuo kama hicho kule Uingereza, kombania zao zimepewa majina ya vita, Alamein, Blenheim, Ypres, majina mazito yametoka juu, yanakwambia simama wima uheshimu waliokufa. Kadeti wa West Point hana kitu chake pale, nywele wameamua wao, muda wameamua wao, hata soksi kwenye droo zinakunjwa wanavyotaka wao. Kisamaki sasa ndo cha kwake. Ukimpa kijana kitu cha kijinga kidogo cha kujivunia pamoja na wenzake 120 atakilinda kuliko sheria zote za kwenye kitabu. Sisi huku Tanzania waliopita JKT kombania ni A, B, C na utani wote umehamia kwenye operesheni, yaani jina la mkupuo uliojiunga nao, mtu wa Operesheni Kikwete akikutana na wa Operesheni Magufuli lazima amwambie nyie mlikuja kula ugali tu, sisi ndo tulipita jeshi.

Na kuruta ndo anabebeshwa mzigo wote huo. Akikutana na mkubwa wake anasalimia kwa kauli mbiu ya kombania, tena kwa sauti. Asubuhi kuna kuruta anasimama kwenye korido chini ya saa ya ukutani anapiga kelele zimebaki dakika ngapi kufika foleni, sare ni ipi, na chakula cha leo ni nini, akikosea neno moja anarudia na wakubwa wamemzunguka. Zamani mezani kulikuwa na kuruta wa kukata keki, meza ina watu kumi, vipande vitoke sawasawa, na wengine walitengeneza kabisa kipimo cha karatasi wanakiweka juu ya keki kabla ya kisu kugusa. Mwaka mzima anaitwa kwa jina la ukoo, afu mwisho wa mwaka kuna siku wakubwa wanapita mmoja mmoja wanampa mkono na kumwambia majina yao ya kwanza. Kuanzia hapo ni mtu.

Zamani hizo kombania hazikupangwa kiholela, walipanga kwa urefu. Sio utani. Gwaride likipita walitaka mstari wa kofia uonekane umenyooka, basi warefu wanawekwa kombania za pembeni, wafupi katikati, na hii ilienda mpaka miaka ya 1950. Warefu wakaitwa flankers, wafupi wakaitwa runts, yaani kama vile ukizaliwa na futi tano na nusu tabia yako imeshaandikwa, na ikaaminika kabisa kwamba kombania za wafupi ndo zinanyoosha makuruta vibaya na za warefu wanachukulia poa. Ila upangaji wa rula nao una matunda yake, Dwight Eisenhower na Omar Bradley wote walikuwa kombania F, darasa la 1915, na mwaka 1944 Eisenhower ni amiri mkuu wa majeshi ya washirika Ulaya, Bradley anaongoza Wamarekani chini yake kule Normandy, Ufaransa. Darasa lao walikuwa 164 na 59 wakawa majenerali, kwahiyo kipaji kilikuwepo, sikatai, ila kujuana na mtu tangu mkiwa mnabanana korido moja sio jambo dogo.

Upande wa pili wa haya mambo sio wa kuchekesha. Kombania inayoweza kukupa jina inaweza pia kukunyima hata salamu. Benjamin O. Davis Jr., kijana mweusi, aliingia 1932 na kwa miaka minne hakuna aliyeongea naye nje ya mambo ya kikazi. Hakupewa mtu wa kulala naye chumba kimoja, alikula kimya, yupo katikati ya watu na hayupo. Hakuna kanuni iliyoandikwa kufanya hivyo, na hakuna ofisa aliyetakiwa kutoa amri, makadeti walikubaliana wenyewe na mfumo ukafanya kazi vizuri kabisa kama unavofanya kazi kwenye keki na kwenye mechi. Akamaliza 1936, wa 35 kati ya 276, akaja kuongoza marubani wa Tuskegee, yaani marubani weusi wa Marekani, vita vya pili na baadae akawa jenerali. Mwaka 2017 wakafungua bweni jipya lenye jina lake, na makadeti wanalala humo.

Silaha hiyo hiyo ya kunyamaza iliwahi kutumika kwa mkubwa wao. John Pershing alirudi West Point 1897 kama Tac, mkali balaa, makadeti wakamchukia, siku moja akaingia bwalo la chakula wote wakanyamaza kimya, hakuna kijiko kinachogonga sahani. Wakampa na jina. Kwa kuwa alikuwa ametoka kutumikia rejimenti ya 10 ya wapanda farasi, ya askari weusi, walichukua lile tusi la watu weusi wakalibandika mbele ya Jack, ambalo ni jina la utani la John. Baadae likalainishwa likawa Black Jack na ndo analojulikana nalo mpaka leo, jenerali aliyeongoza jeshi la Marekani Ulaya vita vya kwanza. Watu wengi wanalitamka wakidhani ni la sifa, jina la kishujaa. Lilikuwa chuki ya vijana wa miaka 20 kwa bosi wao na kwa watu weusi kwa mpigo mmoja.

Uongozi wa chuo unajua nguvu ya hiki kitu, ndo maana vizazi vingi vya makadeti vimepitia wanachoita scramble, unafika katikati ya masomo unang'olewa kombania uliyozoea unapelekwa nyingine, na marafiki zako wametawanywa kona zote za chuo. Makadeti wengi hawaipendi na ukiwasikiliza wanavolalamika utadhani wamefiwa. Mi niko upande wa uongozi kwenye hili, maana jeshini utahamishwa kituo kila miaka miwili mitatu na huko hakuna atakayejua fulana yenu ilikuwa na mnyama gani, bora ujifunze kuanza upya ukiwa bado kijana na unalishwa bure.